Mzaha Mzaha Hutumbuka Usaha: Shauri juu ya Uonevu Shuleni

Kuna ugonjwa wa tumbo usio na mdudu. Unaanza Jumapili jioni, unakaa siku za masomo, na wakati wa likizo unaondoka wenyewe. Munganga anapima choo cha mtoto, haoni minyoo. Anapima damu, haoni malaria. Anabonyeza tumbo, ni laini. Lakini mtoto hadanganyi, tumbo linamwuma kweli. Kila munganga anayehudumia watoto wa shule amekutana na ugonjwa huu. Munganga mwenye akili hamfukuzi mtoto na kusema anajisingizia. Anawaomba wazazi watoke nje kidogo, kisha anauliza kwa upole, "Shuleni kuna mtu anayekutesa?" Mara nyingi machozi yanatangulia jibu.

Wazee walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Waliona kipele kidogo ambacho mtu anakikuna kwa mchezo leo na kesho, na mwisho kinakuwa jipu. Ndivyo uonevu ulivyo. Unaanza kwa kicheko kimoja darasani. Watu wakubwa wanapita, wanaona, wanasema si kitu. Mwisho wake ni mtoto anayeacha shule, au anayeacha dawa zake, au anayetaka kuacha kuishi.

Basi tunataka kusema neno moja wazi. Uonevu si mambo ya kitoto. Ni jambo la afya, kama vile maji machafu na mbu ni jambo la afya. Tena dawa yake haiko mikononi mwa mtoto anayeteswa, ingawa kila siku anaambiwa avumilie. Iko zaidi mikononi mwa wale wanaosimama kando na kutazama.

UONEVU NI NINI?

Si kila ugomvi ni uonevu. Vijana wawili wenye nguvu sawa wakigombana kwa sababu ya mpira, na kesho wakapatana, huo ni ugomvi tu. Si vizuri, lakini unapita.

Mtu aliyetufundisha kutofautisha mambo haya ni Dan Olweus. Alizaliwa Uswidi, akafanya kazi miaka mingi katika mji wa Bergen, nchi ya Norwe. Alianza kuchunguza uonevu wa wanafunzi karibu na mwaka 1970, wakati watu wengi walikuwa hawajaona kwamba ni jambo la kuchunguzwa. Alifundisha kwamba uonevu una alama tatu. Ya kwanza, unafanywa kwa kusudi la kuumiza. Ya pili, unarudiwa mara kwa mara. Ya tatu, nguvu hazilingani: wengi juu ya mmoja, mkubwa juu ya mdogo, mwenye rafiki wengi juu ya asiye na rafiki. Ukiona alama hizi tatu pamoja, usiseme tena kwamba ni ugomvi.

Uonevu una njia nyingi. Kuna wa mikono: kupiga, kusukuma, kunyang'anya chakula, kalamu au pesa. Kuna wa ulimi: majina mabaya, kuzomea, kutukana wazazi wa mtu. Kuna wa kimya, nao unauma sana: kumwacha mtoto peke yake kwenye benchi, kukataa kula naye, kueneza uongo juu yake. Na siku hizi kuna wa telefone, tutausema mbele.

Usifikiri ni jambo la watoto wachache. Mwaka 2019 shirika la UNESCO lilitoa habari ya uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi. Karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 alisema ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliopita. Katika Afrika kusini ya Sahara hesabu ilikuwa kubwa zaidi, 48 kwa mia, maana yake karibu nusu. Kama watoto 48 katika kila 100 wangekuwa na upele, viongozi wa shule wangeita waganga siku hiyo hiyo.

UONEVU UNAFANYA NINI MWILINI?

Hofu inakaa mwilini pia, haikai rohoni tu. Mtu akikutana na nyoka njiani, moyo unapiga mbio, tumbo linakazana, mikono inatoka jasho. Mwili unafanya hivyo ili mtu apate nguvu ya kukimbia. Nyoka akiondoka, mwili unatulia. Lakini mtoto ambaye nyoka wake anakaa kwenye benchi la nyuma hatulii. Moyo wake unakimbia saa ya kwanza, saa ya pili, saa ya tatu. Usiku hapati usingizi. Asubuhi hana hamu ya kula. Tumbo na kichwa vinauma. Pengine anaanza tena kukojoa kitandani, ingawa alikwisha kuacha. Mwaka 2009 wachunguzi wawili wa Italia, Gianluca Gini na Tiziana Pozzoli, walikusanya habari za uchunguzi mwingi wa namna hii. Waliona kwamba watoto wanaoonewa wanapata maumivu hayo karibu mara mbili kuliko wenzao.

Tena madhara hayaishi siku mtoto anapomaliza shule. Huko Uingereza wachunguzi waliandika majina ya watoto waliozaliwa katika juma moja la Machi 1958, wakawafuata miaka na miaka. Mwaka 2014 zilitolewa habari za watu zaidi ya 7,700 kati yao. Wale ambao walionewa walipokuwa na miaka 7 na 11 walikuwa wamefika miaka 50, na bado waliteswa na huzuni nzito na wasiwasi kuliko wenzao. Fikiri jambo hili. Aliyewapiga pengine alisahau zamani. Wao mwili wao haukusahau.

Lakini kuna madhara mengine ambayo watu wa hospitali wanayajua, na hayasemwi sana. Waonevu wanatafuta alama. Wanamchagua aliye tofauti kidogo, na mara nyingi aliye tofauti ni mgonjwa.

Tazama mtoto mwenye kifafa. Watu wengi wanaamini kwamba mate yake yanaambukiza. Si kweli. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa kugusana, wala kwa kula katika sahani moja. Dawa yake inamezwa kila siku bila kukosa. Sasa mtoto huyu anakwenda shule ya kulala. Wenzake wanamwona akimeza kidonge, wanacheka, wanamwiga anavyoanguka. Anaanza kumeza kwa kujificha. Kisha anaacha kabisa. Kifafa kinarudi, labda karibu na moto, labda mtoni. Hospitali ilitoa kidonge, baba alilipa, na kicheko cha wanafunzi wanne kilikitupa chooni.

Tazama mtoto mwenye anemia SS. Macho yake ni ya manjano, mwili wake ni mdogo kuliko umri wake. Wanamwita majina kwa sababu ya macho yake. Ili wasimcheke anakimbia pamoja nao katika jua kali, hanywi maji ya kutosha, na usiku mifupa inamwuma mpaka analia kwa sauti. Ugonjwa huu alizaliwa nao, aliupokea katika damu ya baba na ya mama. Hakuulizwa.

Tazama msichana ambaye damu ya mwezi ilichafua nguo yake mbele ya darasa. Kama darasa lilicheka, mwezi ujao hatakuja siku hizo. Anakosa masomo kila mwezi, kisha tunashangaa ameshindwa mtihani. Tazama pia mtoto wa familia iliyokimbia vita, anayechekwa kwa namna anavyosema, na kwa shati lake moja. Vita vilimfukuza kijijini, na sasa wenzake wanamfukuza darasani.

MAJIBU MATATU YASIYOFAA

Mtoto akijaribu kusema, mara nyingi sisi watu wakubwa tunamjibu vibaya. Majibu yetu ni matatu.

Jibu la kwanza: "Acha, ni michezo ya watoto." Lakini mchezo ni kitu ambacho wote wanaocheza wanakifurahia. Kama mmoja analia kila siku na wengine wanacheka kila siku, huo si mchezo. Paka anaweza kusema anacheza, lakini mwulize panya.

Jibu la pili: "Sisi pia tulipita humo, na leo tu watu." Baba wengi wanasema hivyo juu ya shule za kulala. Walipofika wageni katika darasa la kwanza, walichota maji ya wakubwa, walifua nguo zao, walipigwa usiku. Wanafikiri mambo hayo yaliwakomaza. Lakini wanaosema hivyo ni wale waliobaki. Wale walioacha shule mwaka ule hawakuketi nasi kujibu. Tena, wazee wengi walipata surua utotoni na wakaishi. Je, kwa sababu hiyo tunasema surua ni nzuri, tusiwachanje watoto? Hapana. Tunawachanja, kwa sababu tunakumbuka wale waliokufa.

Jibu la tatu: "Mrudishie." Mzazi anasema hivyo kwa uchungu, na tunamwelewa. Lakini kumbuka alama ya tatu ya uonevu: nguvu hazilingani. Unamwambia mmoja apige wanne. Ama atapigwa zaidi, ama siku moja atachukua jiwe au kisu. Hapo yule aliyeonewa ndiye atakayefukuzwa shuleni, na pengine mtu atakufa.

Mtoto aliyejibiwa hivi mara moja hasemi mara ya pili. Anafunga mdomo, na wazazi wanafikiri amepona. Mficha maradhi kifo kitamwumbua, lakini mtoto huyu hakuficha. Sisi tulimfundisha kuficha.

KICHEKO KINACHOFUATA MPAKA KITANDANI

Zamani kicheko cha shule kilikuwa na mwisho. Kengele ikilia, mtoto alitembea kwenda nyumbani, na huko alipata ugali, mama yake na amani mpaka asubuhi. Leo kicheko kinaingia naye ndani ya nyumba.

Picha inapigwa chooni au uwanjani. Maneno mabaya yanaandikwa juu yake. Inatumwa katika kikundi cha WhatsApp cha darasa. Kabla ya saa sita imefika katika shule tatu. Anayeituma ametumia mega chache tu, na hakuona uso wa yule aliyemwumiza. Hata mtoto asiye na telefone hapati kimbilio. Yeye anakuwa wa mwisho kujua kwa nini watu wote wanamwangalia.

Huko Kanada kulikuwa na msichana aliyeitwa Amanda Todd. Alikuwa bado mdogo mtu asiyemjua alipomshawishi kwa intaneti aonyeshe kifua chake. Mtu huyo alihifadhi picha, akamtisha nayo, kisha akaituma kwa watu waliomjua. Wazazi walimhamisha shule. Picha ilimfuata. Katika shule mpya wanafunzi walimcheka, wakamwacha peke yake, wakampiga. Septemba 2012 alieleza mateso yake katika video, bila kusema neno, akionyesha karatasi moja baada ya nyingine. Tarehe 10 Oktoba 2012 alijiua. Alikuwa na miaka 15. Mwaka 2022 mahakama ya Kanada ilimhukumu mtu mzima mmoja wa Uholanzi kwa matendo hayo, akapewa kifungo cha miaka 13. Hukumu ni ya haki. Lakini wale waliocheka na kuipitisha picha darasani hawakuwa watu wabaya kutoka mbali. Walikuwa wanafunzi wenzake, kama watoto wetu.

Kwa hiyo mfundishe mtoto wako mambo haya juu ya telefone. Asijibu matusi kwa matusi. Maneno mabaya asiyafute kwanza, ayaonyeshe kwa mtu mkubwa anayemwamini, yawe ushahidi. Lakini picha ya mtoto aliye uchi isinakiliwe na isitumwe kwa mtu yeyote, hata kwa kusudi la kusaidia. Mtu akimtisha kwa picha na kudai pesa, asilipe. Akidai picha nyingine, asitume. Anayetisha hashibi.

Na wewe mzazi, usianze kwa kumnyang'anya mtoto telefone. Watoto wengi wananyamaza kwa sababu hiyo tu: wanaogopa kwamba wakisema wameumizwa, watapata adhabu wao. Mshukuru kwanza kwa kusema. Mambo ya telefone yazungumzeni baadaye.

WENYE DAWA NI WANAOTAZAMA

Sasa tunafika penye neno letu. Mwishoni mwa mwaka 1982, katika sehemu ya kaskazini ya Norwe, wavulana watatu walijiua. Walikuwa na miaka kati ya 10 na 14, na ilionekana kwamba sababu ilikuwa mateso ya wenzao. Nchi nzima ilishtuka. Mwaka 1983 serikali ilianzisha kazi ya kupinga uonevu katika shule zote, na Olweus alipewa nafasi ya kutumia mafundisho yake katika shule 42 za Bergen, zenye wanafunzi kama 2,500 aliowafuata. Hakuwafundisha wanaoonewa kupigana. Alibadilisha shule yenyewe. Walimu walizunguka uwanjani wakati wa mapumziko. Kila darasa lilikuwa na sheria chache zilizojulikana na wote, nazo zilisema: hatumwonei mtu, tunamsaidia anayeonewa, anayeachwa peke yake tunamwingiza kati yetu. Wazazi waliitwa. Baada ya miaka miwili uonevu ulikuwa umepungua karibu nusu.

Huko Toronto, Kanada, wachunguzi waliweka kamera katika viwanja vya shule za watoto wadogo, wakatazama uonevu unavyotokea. Habari zao zilitolewa mwaka 2001. Karibu mara 9 kati ya 10 wanafunzi wengine walikuwapo wakitazama. Lakini ni mara 1 tu kati ya 5 ambapo mmoja wao aliingia kusaidia. Tena sikiliza hili: walipoingia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma katika sekunde 10. Sekunde 10! Ni muda mfupi kuliko wa kupima homa.

Kwa nini? Kwa sababu mwonevu hapigi kwa ajili ya yule anayepigwa. Anapiga kwa ajili ya wale wanaotazama. Kicheko chao ni mshahara wake. Ukimnyima mshahara, ataacha kazi. Christina Salmivalli wa chuo kikuu cha Turku, nchi ya Ufini, alifundisha jambo hili, na kutoka kwake likaja fundisho linaloitwa KiVa, ambalo lilienea katika shule za Ufini kuanzia mwaka 2009. Msingi wake ni kuwafundisha wanaotazama.

Watu wanasema, aliye kando haangukiwi na mti. Kwa mti ni kweli. Kwa uonevu si kweli. Anayetazama na kunyamaza anajifunza kuogopa, na kesho zamu inaweza kuwa yake.

Hatumwambii mtoto mdogo ajitupe kati ya vijana wakubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini wawili au watatu wanaweza kwenda pamoja na kusema, "Mwache." Anayeogopa kusema anaweza kukataa kucheka. Anaweza kukataa kuipitisha picha. Anaweza kuketi karibu na aliyeachwa, au kutembea naye njia ya kurudi. Na wote wanaweza kumwambia mwalimu. Kumwambia mwalimu kwamba mtu anaumizwa si umbeya. Mbeya anasema ili mtu aangamie, lakini huyu anasema ili mtu apone.

KAZI YA KILA MMOJA

Mzazi, angalia dalili. Mtoto anarudi na nguo zilizopasuka, au daftari zimepotea mara kwa mara. Anaomba pesa bila kusema sababu. Anapita njia ndefu kwenda shule. Ana huzuni kila akitazama telefone. Alama zake za masomo zinashuka ghafula. Pengine umeuza mbuzi ili kulipa minervali. Ukiona hayo usianze kwa kumpiga kwa ajili ya alama. Keti naye. Sikiliza mpaka mwisho. Mwambie, "Si kosa lako." Kisha nenda shuleni wewe mwenyewe, kwa mwalimu na kwa prefe, na useme kwa adabu siku gani, mahali gani, nani alitazama. Usimfuate mwonevu njiani ili kumpiga. Mtu mkubwa anayepiga mtoto njiani ameongeza mwonevu mwingine.

Mwalimu na prefe, uonevu unapenda mahali ambapo ninyi hampo: nyuma ya vyoo, kwenye kisima, katika bweni usiku, njiani. Pangeni zamu mahali hapo. Msipatanishe watu hawa kwa kuwashikanisha mikono mbele ya darasa, kama wagomvi wawili wenye makosa sawa. Aliyeonewa ataogopa kukataa, na nje atalipa. Zungumzeni kwanza na aliyeonewa peke yake, kisha na kila mmoja wa waliomtesa peke yake, na baada ya juma moja mwulize tena kama yamekoma. Tena chungeni ulimi wenu. Mwalimu anayemwita mwanafunzi mjinga au kilema mbele ya wenzake amewapa ruhusa. Alhamisi ya kwanza ya Novemba imewekwa na UNESCO, tangu mwaka 2020, kuwa siku ya kupinga uonevu shuleni. Itumieni kwa kuandika sheria za darasa pamoja na wanafunzi.

Na mwonevu je? Yeye pia ni mtoto, naye pia ana ugonjwa. Olweus aliwafuata wavulana wa Uswidi waliokuwa waonevu shuleni. Walipofika miaka 24, karibu 60 kwa mia walikuwa wamehukumiwa na mahakama angalau mara moja. Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe ameshtakiwa asisimame mlangoni kumtetea kwa hasira. Anayemzuia mwanawe leo anamwokoa na gereza. Azuiwe kwa nguvu, lakini asipigwe fimbo, maana fimbo inamfundisha lile lile analofanya: mwenye nguvu ampige asiye nazo. Arudishe alichonyang'anya. Afanye kazi ya kutengeneza alichoharibu. Tena aulizwe nyumbani kwao kuna nini, maana mtoto anaweza kuwa anagawa shuleni fimbo anazopokea nyumbani.

Wakristo, shule nyingi za nchi yetu ziko chini ya makanisa. Tukiwa na shule, basi wanaoumizwa ndani yake wanatuhusu. Wakati wa mikutano ya wazazi tunasema sana juu ya mabati na madawati. Tuulize pia juu ya bweni usiku.

Sheria iko pamoja nasi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto, na Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu wanaowatesa wengine kwa njia ya telefone na intaneti. Lakini sheria inafika polepole. Jirani kwenye benchi anafika mara moja.

JAMBO LA HARAKA

Mtoto akisema, "Afadhali nife," au akianza kugawa vitu vyake, au akiandika maneno ya kuaga, usimkemee na usiseme anatafuta huruma. Mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa na sumu za shamba. Mlete hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hii ni homa kali, haingojei asubuhi.

Kwa wengine wote kuna kazi ya leo jioni, na haina gharama. Ukiketi na watoto wako kula, usiwaulize kwanza kama wanaonewa, maana wengi watakataa kwa haya. Waulize hivi: "Darasani kwenu ni nani anayekaa peke yake?" Watakujibu. Kila mtoto analijua jina hilo. Kisha uliza neno la pili: "Kesho nani kati yenu ataketi naye?"